Ubao wa Sekunde Kumi

Aprili, Obihiro. Theluji chafu bado imejibanza
chini ya uzio, kama mdeni asiyetaka kuonekana.
Tumesimama kumi na mmoja kwenye lami ya polisi;
ukijumlisha umri wetu, unapita miaka mia saba.

Afisa Hatakeyama ni rika la kitindamimba wangu.
Anaita majina, na kila jina linaitika kwa kikohozi.
"Odagiri Mieko?"
Nipo. Nimekuja na glavu za mwaka themanini na sita,
ngozi imekakamaa, vidole vimebaki vimejikunja
kana kwamba vingali vimeishika pikipiki niliyoiuza
mimba ya kwanza ilipoingia mwezi wa tano.

Anauliza: mara ya mwisho mlipanda lini?
"Jana tu," anasema Bwana Iwabuchi, daktari wa meno mstaafu,
aliyejinunulia dude zito kama mtamba,
koti lake likinukia duka.
Tunacheka. Kila mmoja wetu ana jana yake,
na hakuna iliyo karibu.

Kisha breki.
Kilomita arobaini kwa saa, bendera nyekundu inashuka,
shika!
Mkono wangu unapokea habari, unaitafakari,
unaipeleka kwa mkubwa wake, unasubiri muhuri.
Hatakeyama anachora chaki pale bendera iliposhuka,
anachora nyingine pale breki ilipouma,
na katikati anatembea, hatua kumi na nne,
taratibu, mikono nyuma.
"Hapa," anasema, "ndipo mtoto anapovuka."

Hacheki mtu.

Kwenye koni anapaza sauti: shingo! Shingo, jamani!
Tazama unakokwenda, usitazame unachokiogopa.
Shingo yangu inalia kama bawaba.
Miaka thelathini na moja nimekaa dirishani benki
nikigeuza macho tu, kutoka noti hadi uso,
kutoka uso hadi noti.

Iwabuchi akaanguka akiwa karibu amesimama,
kwa upole, kama mtu anayekaa
kwenye kiti kilichokwisha ondolewa.
Taa yake ikabaki ikimulika mawingu.
Tulipomkimbilia hakutaja goti wala kiwiko.
Alisema: "Mke wangu hajui kama niko hapa."
Afisa akamfundisha kuinua: mpe mgongo,
chuchumaa, shika chini, sukuma kwa mapaja,
nenda nyuma hatua ndogondogo.
Mtamba ukasimama. Iwabuchi akafuta kioo cha pembeni
kwa mkono wa koti jipya, muda mrefu kuliko vumbi lenyewe.

Mwisho, ubao.
Urefu mita kumi na tano, upana shubiri moja na nusu.
"Vukeni kwa sekunde kumi. Zisipungue."
Ujanani tulishindania kuwahi;
leo atakayechelewa ndiye bingwa.
Aliyesema mwenda pole hajikwai
hakuwahi kupanda ubao huu:
mwendo ukififia tu, chuma kinakumbuka uzito wake
na kila kiungo kinaulizwa umri.

Sekunde nne, nikadondokea ubavuni.
Sekunde sita na nusu, nikafika, nikazomewa na moyo wangu.
Mara ya tatu nikabana tangi kwa magoti,
klachi nusu, mguu wa kulia
ukiibembeleza breki ya nyuma kama mtoto mwenye homa,
macho mbali, kwenye dirisha la ofisi
ambako mtu nisiyemjua alikuwa akimimina chai.
Nikamtazama akimimina.
Alikuwa hana haraka hata kidogo.
Saba. Nane. Ubao sikuuona tena.
Tisa.
Tairi likashuka.

"Tisa nukta saba," Hatakeyama akasema.
Nikamwambia, mwanangu, si uandike kumi?
Akatabasamu, akainama,
akaandika tisa nukta saba.

Nilirudi nyumbani kwa basi, kiti cha mbele,
glavu zikiwa zimepakatana kwenye mkoba.
Kila kona, kabla dereva hajakata,
shingo yangu iligeuka.